Maelezo ya Bidhaa kwa Mnunuzi wa Mbali

Mnunuzi aliyesimama mbele ya duka la Kariakoo au Marikiti huipima bidhaa kwa mkono, kwa pua na kwa jicho kabla ya kuuliza bei, na muuzaji, hata asipokuwa msemaji, husaidiwa na bidhaa yenyewe. Lakini yule anunuaye kwa simu, naye yuko Nakuru au Mbeya ilhali chupa iko Tanga, hana ila picha na maneno machache yaliyoandikwa chini yake. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba ufundi wa kuuza kwa maandishi si ufundi wa kusifu, bali ni ufundi wa kuarifu.

Chukua mathalan mafuta ya nazi, ambayo watu wa pwani wameyatengeneza tangu zamani na ambayo leo huuzwa sana katika Instagram na WhatsApp. Aghalabu tangazo lake husema kwamba ni mafuta bora, ya asili, ya uhakika, yenye matokeo ya ajabu, kisha likamalizia kwa “bei njoo inboksi”. Yaondoe maneno hayo uyaweke juu ya sabuni au asali, nayo yatakaa vilevile, na hiyo ni dalili dhahiri kwamba hayakusema lolote juu ya mafuta. Lakini andika kwamba nazi zilikunwa kwa mbuzi, likakamuliwa tui zito, tui likachemshwa kwa moto wa taratibu hata maji yakaisha na mafuta yakajitenga na mashapo, yakachujwa kwa kitambaa, na kwamba ndiyo maana yana umanjano hafifu na harufu ya nazi iliyopata moto. Hapo msomaji amepata cha kushika. Atakaye mafuta yasiyo na harufu atakwenda zake, na kwenda kwake ni heri, maana ndiye ambaye angalirudisha chupa.

Muuzaji huenda akasema kwamba hayo hufanywa na kila mtu, basi ya nini kuyaandika. Jibu lilitolewa zamani na Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, ambaye alipoitwa kuitangaza bia ya Schlitz alitembezwa kiwandani, akaona bia ikipozwa katika vyumba vyenye hewa iliyochujwa, na chupa zikioshwa kwa mashine mara nne; akauliza kwa nini watu hawaambiwi, akaambiwa kwamba viwanda vyote hufanya vivyo hivyo. Yeye akayaandika, kwa kuwa mnywaji hajapata kuingia kiwandani, na kwa simulizi yake mwenyewe bia ile iliyokuwa ya tano katika soko ikapanda hata ikashindania nafasi ya kwanza.

Maelezo mema, fauka ya hayo, hutangulia mbele ya shaka. Mafuta ya nazi huganda yakawa meupe joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chupa ikifika Njombe au Limuru katika mwezi wa Julai, mnunuzi aliyetazamia mafuta maangavu akapokea kitu kigumu hudhani ametapeliwa. Andika mapema kwamba yataganda kwa baridi, kwamba kuganda si kuharibika, na kwamba yatayeyuka chupa ikitiwa katika maji ya uvuguvugu, na mnunuzi atakuona mjuzi wa kazi yako. Maneno hayo hayo yakisemwa baada ya lawama huwa udhuru.

Bei iandikwe, na ujazo, na gharama ya kutuma. Mistari miwili ya mwanzo, ambayo ndiyo huonekana kabla msomaji hajabonyeza kuendelea, ianze kwa jina ambalo watu hulitafuta, yaani mafuta ya nazi, wala si “siri ya urembo wa malkia”, kwani hakuna atafutaye malkia akitaka mafuta. Na tahadhari kubwa ni madai ya tiba: kusema kwamba mafuta huponya maradhi, au huotesha nywele kwa wiki moja, ni kumdhulumu mtu aliyekuamini, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 imekataza maelezo ya uongo na ya kupotosha.

Atakaye kuendelea katika kazi hii asikimbilie kununua mafunzo. Kwanza azisome jumbe alizokwisha kuandikiwa na wateja wake. “Yana harufu?” “Lita moja shilingi ngapi?” “Mnatuma Bukoba?” “Nalipa nikishapokea?” Kila swali lililoulizwa na watu wawili watatu ni pengo katika maelezo, nalo lizibwe kwa maneno yale yale waliyoyatumia wauliza. Jumbe za waliokwisha kununua zisomwe pia, kwani mmoja akiandika kwamba ameyakaangia samaki, ilhali tangazo lilitaja nywele tu, muuzaji amepata tangazo la pili bila gharama, ila asiliandike kabla hajathibitisha kwamba mafuta yake hukamuliwa na kufungashwa kwa usafi unaostahili chakula.