Mgeni Anapoizima Nuru: Viunzi vya Metali na Nafasi ya Kiswahili katika Kuvieleza

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika maabara ya kemia, hata hivyo, yupo mwenyeji ambaye akiingiliwa na mgeni wa aina fulani, nuru ya nyumba huzimika. Na kuzimika huko ndiko kwenye manufaa. Makala haya yananuia kueleza utafiti wa mwanakemia Jing Li wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, ambaye pamoja na wenzake amechunguza dutu zenye sifa mbili kwa pamoja: zinatoa nuru, na zina vinyweleo. Aidha, makala yanadai kwamba ugumu wa kuyaeleza mambo kama haya kwa Kiswahili hautokani na uhaba wa maneno. Unatokana na mazoea ya kuteua istilahi kabla ya kuuelewa utendakazi wa kitu chenyewe.

Kiunzi ni Nini?

Sharti tuanze na ujenzi. Atomi ya metali, kama vile zinki au shaba, ikipoteza elektroni hugeuka kuwa ioni yenye chaji chanya. Ioni hiyo huzivuta molekuli zilizo na elektroni za kushiriki nayo. Molekuli hizo, ambazo hapa tutaziita vishikizi, huizunguka ioni na kujifunga kwayo katika pande mahususi. Umbo linalopatikana ndilo changamano ya metali.

Iwapo kishikizi kina mikono miwili au zaidi, na kila mkono unashika ioni yake, changamano moja huungana na ya pili, ya pili na ya tatu, hadi ikapatikana fuwele nzima. Fuwele hiyo ni mithili ya nyumba ya udongo kabla ya kukandikwa: nguzo na fito zimekwisha kufungamanishwa, na kati yake mna nafasi tupu. Nafasi hizo ndizo vinyweleo, na ni ndogo kiasi kwamba hupitisha molekuli chache tu kwa wakati mmoja.

Mnamo mwaka wa 1989, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne alichapisha muundo wa namna hii uliojengwa kwa ioni za shaba na molekuli yenye mikono minne. Mwaka wa 1997, Susumu Kitagawa wa Japani alionyesha kwamba gesi zinaweza kuingia na kutoka bila kiunzi kubomoka. Naye Omar Yaghi, aliyezaliwa Amman, Jordani, alizipa dutu hizi jina lake la kitaalamu mwaka wa 1995, na mwaka wa 1999 akatangaza kiunzi imara ambacho gramu zake chache zina eneo la ndani linalolingana na uwanja wa kandanda. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2025.

Nuru Inavyotoka na Inavyozimika

Miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, inapoipiga molekuli fulani, elektroni hupokea nishati na kupanda ngazi ya juu. Haidumu huko. Inaposhuka, nishati hiyo hutoka ikiwa nuru inayoonekana. Katika changamano za yuropiamu, kishikizi hupokea nishati na kuikabidhi metali, nayo metali hutoa nuru nyekundu. Katika viunzi vingi vya zinki, kinyume chake, kishikizi chenyewe ndicho kinachotoa nuru, na kazi kubwa ya zinki ni kukishikilia mahali pake.

Mwaka wa 2009, Jing Li na wenzake walitangaza kiunzi cha zinki cha aina hiyo ya pili. Walikiweka karibu na mvuke wa kemikali mbili zinazohusiana na vilipuzi, mojawapo ikiwa ile inayotiwa katika vilipuzi vya plastiki ili vitambulike. Nuru ya kiunzi ilififia katika muda wa sekunde chache. Sababu yake ni kwamba kemikali hizo zina vikundi vya nitro, navyo vina uchu wa elektroni. Mgeni anapoingia katika kinyweleo, elektroni iliyokwisha kupanda ngazi huhamia kwake badala ya kushuka na kutoa nuru. Kiunzi kikipashwa joto, mgeni hutoka na nuru hurejea. Hivyo kinaweza kutumika tena.

Msomaji wa Kenya hahitaji kushawishiwa kuhusu umuhimu wa kuvitambua vilipuzi mapema. Shambulio la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi liliwaua zaidi ya watu 200. Hata hivyo, tusitie chumvi. Vilipuzi vingi hutoa mvuke kidogo mno, baadhi ya viunzi hudhoofishwa na unyevu wa hewa, na zipo kemikali nyingine zisizo hatari ambazo pia huweza kuizima nuru. Safari ya kutoka maabara hadi lango la ukaguzi ni ndefu.

Istilahi na Utendakazi

Je, nuru hii tuitaje? Kitenzi 'kuwaka' kinabeba fikra ya moto, ilhali hapa hakuna kinachoungua. 'Kung'aa' husemwa hata kwa sufuria iliyosuguliwa, ambayo huakisi tu nuru ya kwingine. Kiumbe anayetukaribia zaidi ni kimulimuli, anayetoa nuru yake mwenyewe bila joto la kuunguza. Kwa hiyo, kumweleza mwanafunzi kwamba hii ni nuru ya namna ya kimulimuli kunampa picha iliyo sahihi zaidi kuliko neno la kigeni lililotoholewa bila maelezo.

Vivyo hivyo, 'kinyweleo' kinafaa kuliko 'tundu'. Tundu huweza kuwa dosari, bali kinyweleo cha ngozi ni njia ya kupitia, ingawa ni kweli kwamba wapo wanaolitumia neno hilo kwa malaika ya mwilini. 'Kiunzi' nalo ni neno tulilolizoea katika tasnifu zetu tunapozungumzia kiunzi cha nadharia. Hapa linarudi kwa fundi wake wa awali. Wanakemia wenyewe huzungumza juu ya mgeni na mwenyeji, maneno ambayo Kiswahili hakikuhitaji kuyaazima.

Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka wa 1990, miaka mitano kabla ya viunzi hivi kupewa jina lake la kitaalamu. Hivyo, haifai kuilaumu kwa kutovitaja. Lawama itatufaa sisi tukiendelea kungoja kamusi itutangulie. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi, na raia anayekaguliwa langoni ana haki ya kuelezwa kwa lugha rasmi chombo kinachomkagua kinafanya nini. Mwanaisimu na mwanakemia wanapaswa kuketi meza moja, mmoja aeleze kinachotendeka, mwingine asikilize kwa makini, ndipo jina litafutwe.