Kidoti Chekundu na Shahidi Wake wa Chuma

Ukisafiri kwa basi usiku, umeshaona jinsi mwezi unavyokufuata? Miti inapita, nyumba zinapita, mwezi uko palepale. Ni kwa sababu uko mbali mno, kiasi kwamba mwanga wake unakufikia kwa mistari sambamba popote ulipo barabarani. Ukielewa hilo, umeshaelewa nusu ya kilengeo cha nukta nyekundu, kile kijioo kinachofungwa juu ya bunduki za askari, wawindaji na wachezaji wa shabaha.

Tuanze na vilengeo vya kawaida vya chuma. Viko viwili: cha nyuma kina tundu au mfuo, cha mbele kina kijiti. Jicho, tundu, kijiti na shabaha lazima vikae mstari mmoja. Sasa piga hesabu. Vilengeo vikiwa vimeachana sm 50, na wewe ukakiweka kijiti pembeni kwa milimita 1 tu, kwenye mita 25 utakosea kwa sm 5. Kwenye mita 100, sm 20!

Kilengeo cha nukta kinafanya kazi tofauti. Taa ndogo ya LED inamulika kioo kilichopinda, nayo imewekwa kwenye fokasi ya kioo hicho, hivyo mwanga unarudi kwenye jicho ukiwa sambamba. Wazo lenyewe ni la zamani: Howard Grubb wa Dublin alilipatia hataza mwaka 1900, na mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa kilengeo cha namna hii kinachotumia umeme. Nukta ni kama ule mwezi. Ukisogeza kichwa, inahama kwenye kioo, lakini inaendelea kuonyesha palepale kwenye shabaha. Kwa hiyo ukiiona iko pembeni ya kioo, usikimbilie kusema kifaa kimeharibika. (Ukingoni kabisa mwa kioo kosa dogo hubaki, hasa kwa shabaha ya karibu.)

Kama ni hivyo, vilengeo vya chuma vya nini tena? Jibu liko kwenye ufungaji. Chukulia kitako cha kilengeo chako kina urefu wa sm 4, na upande mmoja umenyanyuka kwa milimita 0.1, yaani unene wa karatasi moja ya daftari. Kwenye mita 100 nukta inakudanganya kwa sm 25. Chembe ya mchanga chini ya kitako au skrubu iliyolegea inatosha kabisa. Na kioo hakikuambii kitu: nukta itaendelea kung'aa vizuri tu.

Ndiyo maana chuma kinabaki kuwa shahidi. Kila kilengeo kikisharekebishwa peke yake, kwa risasi halisi na kwa umbali uleule, ukipanga macho kupitia vilengeo vya chuma utaikuta nukta imekaa kwenye ncha ya kijiti. Wengine hufunga kioo juu kidogo, ili chuma kionekane chini tu ya kioo kisizibe macho. Hapo ukilenga kawaida nukta iko juu ya kijiti. Ukishusha kichwa hadi kwenye tundu, nayo inashuka hadi kwenye ncha. Zote mbili ni sawa.

Kosa la wengi ni kuzungusha skrubu za nukta mpaka ikalie kijiti, halafu kusema kazi imekwisha. Hapo umenakili tu makosa ya chuma. Shahidi aliyefundishwa la kusema hana faida! Njia hiyo inafaa kama mwanzo, ili risasi ya kwanza iguse karatasi.

Basi, kwa mwenye kibali na mafunzo: hakikisha bunduki haina risasi, safisha reli, sukuma kilengeo mbele mpaka kigote, kaza kwa nguvu aliyotaja mtengenezaji, kisha chora mstari wa rangi kutoka skrubu hadi kitako. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Siku nukta na kijiti visipokutana kama zamani, mmoja wao amesogea, na huwezi kujua ni yupi kwa kukisia. Usipige kitu kingine chochote kabla hujarudi kwenye karatasi ya shabaha.