Kisu na waya vyaungana kuokoa miguu iliyokosa damu

MAUMIVU yanayolishika shavu la mguu mtu atembeapo na kutulia apumzikapo, aghalabu husingiziwa uzee. Hata hivyo, huenda ateri zinazopeleka damu mguuni zimezibwa na mafuta na chokaa, hasa kwa wavutaji sigara na wagonjwa wa kisukari. Hali hiyo ikipuuzwa, maumivu humwamsha mgonjwa usiku, kidonda cha kidole hukataa kupona, na hatimaye mguu hukatwa.

Kwa miaka mingi tiba zilikuwa mbili, kila moja na wafuasi wake. Mnamo 1948, mpasuaji Jean Kunlin wa Ufaransa alitumia vena ya mgonjwa mwenyewe kuipa damu njia mpya kando ya palipoziba. Kisha Januari 1964, jijini Portland, Marekani, Charles Dotter alipitisha mirija ngozini na kuipanua ateri ya paja la ajuza wa miaka 82 aliyekataa katakata kukatwa mguu. Mguu ulipona.

Siku hizi tiba hizo mbili huunganishwa katika upasuaji mmoja. Chukua mgonjwa ambaye ateri zake zimeziba kinenani na pia ndani ya nyonga. Kinenani mguu hukunjwa kila mara, hivyo kijineli cha chuma kikitiwa hapo chaweza kupondeka au kuvunjika. Mpasuaji hupasua, akaifungua ateri, akaikwangua chokaa na kuiziba kwa kiraka. Kuifikia ateri ya nyonga kwa kisu kungehitaji kulipasua tumbo, jambo la hatari kwa mzee mwenye moyo dhaifu. Badala yake, kupitia jeraha lilo hilo la kinena, waya mwembamba husukumwa juu huku daktari akitazama picha za eksirei. Puto hupanua njia na kijineli huachwa humo kuishikilia.

Mgonjwa hupewa nusukaputi mara moja tu, na wengine hutosheka na ganzi ya uti wa mgongo. Lakini si tiba isiyo na dosari: jeraha la kinena huweza kuingia viini, dawa ya kung'arisha picha huweza kudhuru figo, na mvutaji asiyeacha sigara hujiziba upya.

Kipimo cha kwanza ni chepesi. Shinikizo la damu la kifundo cha mguu hugawanywa kwa lile la mkono; jibu likiwa 0.9 au chini yake, ateri zimeziba. Mwenye kisukari asiridhike upesi na jibu zuri, kwani ateri zilizokakamaa hudanganya kipimo hicho.