Je, Wajua? Joka la Karatasi, kutoka Lake Geneva hadi Dzaleka

Je, wajua kwamba mwaka 1975, serikali ya Malawi ilipohama Zomba kuja Lilongwe na ofisi za Capital Hill zikaanza kujaa mafaili, kampuni changa iitwayo TSR ilikuwa inachapa kijarida chembamba katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani? Kiliitwa The Strategic Review na kilitoka matoleo saba tu. Juni 1976 kikazaliwa upya kwa jina la The Dragon, chini ya mhariri Tim Kask, na kikaendelea kuchapwa kwa miaka 31.

Lilikuwa jarida la wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka 1974, nakala 1,000 za kwanza. Kwa asiyeujua: watu wanne au watano wanaketi mezani. Mmoja ni msimulizi; waliobaki kila mtu ana mhusika wake, huyu askari, huyu mchawi, yule mwizi. Msimulizi anasema, "Mmefika mlangoni mwa pango, ndani kunasikika kitu kikikoroma. Mnafanyaje?" Mtu anajibu, dadu inarushwa, na dadu ndiyo inayosema kama umepita salama au umeliamsha zimwi. Aliyelelewa kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" hapati shida kuuelewa. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji ana ruhusa ya kuingilia kati na kuupindisha mkondo wa hadithi.

Je, wajua kwamba dadu ya pande 20, alama kuu ya mchezo huo, ilirushwa Afrika kabla Marekani haijakuwa na jina? Misri ya zama za Waptolemi na Warumi ilikuwa nazo, zimechongwa kwa jiwe na kutiwa herufi za Kigiriki kila upande. Metropolitan Museum of Art ya New York inazo.

Je, wajua kwamba bao halina dadu hata kidogo? Mashimo 32, kete 64, na hakuna bahati ya kuilaumu. Malawi mchezo huu wanauita bawo. Wanyarwanda wana igisoro, nao wenye safu nne na kete 64. Mchezaji wa bao akifungwa, kafungwa na kichwa cha mwenzake.

Je, wajua kwamba mwaka 1979 TSR iliishiwa dadu? Wanunuzi waliongezeka kuliko dadu zilizopatikana, kwa hiyo ndani ya boksi wakatia vipande vidogo vya karatasi ngumu vyenye namba. Unaviweka kikombeni, unatikisa, unachomoa kimoja. Watu walicheza hivyo na mchezo haukupungua utamu. Hata dadu zilipopatikana zilikuja na kazi yake: plastiki tupu, namba zimechimbwa lakini hazina rangi, na pembeni kipande cha kalamu ya nta. Unaisugua nta juu ya namba mpaka ijae kwenye mifereji, kisha unafuta uso wa dadu kwa kitambaa, na namba inabaki nyeupe ikisomeka vizuri. Baada ya miezi kadhaa ya kurushwa, nta inatoka na unaanza upya.

Je, wajua kwamba wasomaji ndio walioliandika jarida la The Dragon kwa sehemu kubwa? Hapa ndipo ninapolipenda zaidi. Mtu alitunga zimwi, ramani au kanuni mpya nyumbani kwake, akaifunga kwenye bahasha na kuituma. Ed Greenwood, mfanyakazi wa maktaba nchini Canada, alianza kuandika humo mwaka 1979. Ulimwengu aliokuwa akiuwaza tangu utotoni, Forgotten Realms, TSR ilikuja kuununua na kuutoa rasmi 1987, na mpaka leo mamilioni ya watu wanaucheza. Uingereza nako mambo yalikuwa hayo hayo. Jarida la White Dwarf, lililoanza 1977 likihaririwa na Ian Livingstone, lilikuwa na safu ya mazimwi ya wasomaji. Mengi ya mazimwi hayo yakawa kitabu rasmi, Fiend Folio, mwaka 1981. Mmoja wa waliotuma alikuwa kijana Charles Stross, ambaye baadaye akawa mwandishi wa riwaya anayejulikana duniani.

Je, wajua kisa cha mchoraji aliyetoweka? Dave Trampier alikuwa akichora humo katuni iitwayo Wormy, ya joka lipendalo kucheza pool. Mwaka 1988 katuni ikakatika katikati ya kisa, bila kwaheri. Hundi za malipo yake zikarudi ofisini zilivyokwenda. Ilipofika 2002, gazeti la wanafunzi huko Carbondale, Illinois, likachapisha habari ya dereva teksi wa mji huo, na waliomkumbuka wakalitambua jina. Alifariki 2014, na Wormy haikumalizika.

Je, wajua kwamba bara zima la kubuni katika fasihi ya mapanga na wachawi lina jina la Kiswahili? Linaitwa Nyumbani. Mtunzi wake ni Charles R. Saunders, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1946 na kuhamia Canada 1969. Alikuwa mpenzi wa hadithi za mashujaa wenye mapanga na wachawi, akachoka kuona Mwafrika ndani yake ni mshenzi au mtumwa. Hakuishia kulalamika. Alimuumba Imaro, shujaa aliyelelewa na wafugaji waitwao Ilyassai, na mtu wa Arusha au Kajiado hahitaji kuambiwa ni nani hao. Riwaya ilipotoka 1981, mchapishaji aliandika kwenye jalada kuwa huyu ni Tarzan mweusi. Wenye haki za Tarzan wakaja juu, jalada likabidi lifanywe upya na kitabu kikachelewa. Ninaliona kosa hilo kuwa la kuumiza: mtu ameandika kitabu kizima kumpinga Tarzan, halafu kinauzwa kwa jina la Tarzan.

Mwaka 1987 Saunders aliandika ndani ya Dragon makala yenye kichwa Out of Africa, akiwaletea wachezaji viumbe wa masimulizi ya Kiafrika. Jarida lilikuwa na umri wa miaka 11.

Je, wajua yaliyokuwa yakiendelea Malawi mwaka huo huo? Steve Chimombo, mwalimu wa Chancellor College, Zomba, alitoa Napolo Poems. Napolo ni joka la kusini mwa Malawi, nyoka mkubwa akaaye chini ya mlima; akisogea, mlima unaporomoka na maji yanabeba vijiji. Wazee walimtaja katika mafuriko ya Zomba ya Desemba 1946, na alitajwa tena Phalombe Machi 1991. Chini ya sheria ya udhibiti ya 1968, mshairi aliyetaka kuisema nchi yake alihitaji nyoka wa kumbebea maneno. Septemba 1987 mwalimu mwenzake wa chuo hicho, mshairi Jack Mapanje, alikamatwa na kuwekwa gereza la Mikuyu bila kushtakiwa, akatoka 1991. Wachezaji wa Wisconsin waliyawaza majoka kwa ajili ya starehe ya Jumamosi. Zomba, joka lilikuwa na uzito mwingine.

Je, wajua kwamba Dzaleka nayo ilikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda? Iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Mwaka 1994 ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na wengine Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika humo tangu sokoni hadi kanisani.

Je, wajua kwamba Saunders aliifuta hadithi yake mwenyewe kwa sababu ya Rwanda? Imaro ilipochapwa tena 2006, aliitoa sehemu iitwayo Slaves of the Giant-Kings na kuandika nyingine mahali pake. Ile ya zamani ilifanana mno na mauaji ya 1994, ingawa aliitunga miaka mingi kabla. Wengine wangeacha, wakajisifu kuwa walitabiri. Yeye aliona kuna watu waliopoteza jamaa zao, akaandika upya. Alifariki 2020 na kuzikwa pasipo jiwe la kaburi, mpaka wasomaji wake walipochangishana fedha.

Je, wajua kwamba Nyambe, kitabu cha mchezo wa Gygax na Arneson chenye ulimwengu wa Kiafrika, kilitoka 2002, mtunzi wake akiwa Christopher Dolunt?

Je, wajua kwamba Dzaleka ina tamasha lake? Tumaini Festival lilianza 2014, likianzishwa na Menes La Plume, mshairi wa Kikongo aliyeishi kambini humo. Wasanii na wageni wanatoka Lilongwe na mbali zaidi kuja kambini, na baadhi yao hulala kwa wenyeji.

Je, wajua kwamba Dragon ya karatasi ilikoma Septemba 2007, toleo namba 359? Kabla ya hapo iliwahi kunyamaza miezi kadhaa, kati ya mwisho wa 1996 na katikati ya 1997, kwa kuwa TSR ilikuwa imezama katika madeni na mchapaji hakulipwa. Wizards of the Coast ndio walioinunua kampuni hiyo.

Na hili je, wajua? Januari 2023 Wizards of the Coast walizitoa kanuni za msingi za mchezo huo kwa leseni huria ya Creative Commons. Maana yake mtu yeyote, awe Dzaleka, Kigoma au Mombasa, ana ruhusa ya kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzichapa, kumtia Napolo ndani yake, hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Hakuna bahasha ya kutuma wala mhariri wa kusubiri. Dadu ikikosekana, kata vikaratasi 20, viandike namba, tafuta kikombe.