Je, Wajua? Kwenye Liemba, Kazi Ilikuwa Kushuka

Je, wajua kwamba MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ililetwa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, vipande vipande kwa reli, kisha mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha? Mitambo waliipaka grisi kwanza, hivyo Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Hadithi hiyo huwafurahisha watalii. Abiria wazoefu wa njia ya Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, walijali jambo jingine: vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, mlango wa ubavuni ukafunguliwa, mitumbwi ikagombania nafasi, na magunia yakapita juu ya vichwa vya watu, pengine usiku wa manane. Ndiyo maana mzoefu alifunga mizigo midogo ya kubebeka kwa mkono mmoja, wa pili ukabaki wa kujishikilia, na alisogea mlangoni mara honi ilipolia.

Atasema mtu kwamba basi la Mpanda na Sumbawanga lina haraka zaidi. Ni kweli, kwa anayekwenda Sumbawanga. Lakini barabara ya basi hilo inapita bara, na kati yake na sehemu ya ufuko imesimama milima ya Mahale. Anayeishi chini ya milima hiyo, basi litamshusha mbali na kwao. Na gati je? Karema imeshajengewa bandari. Vijiji vidogo bado vinategemea mitumbwi.