Ujuzi wa mfanyakazi ni mali ya nani?

Mwanafunzi wa sheria akitamka kuwa nia yake ni kuwatetea waajiri, aghalabu wenzake humwona msaliti. Hudhani kazi yake itakuwa kumsaidia tajiri kumpiga kalamu maskini. Dhana hiyo haikosi ukweli, lakini wakili mwaminifu wa mwajiri hutumia muda mwingi akimweleza mteja wake yale asiyoweza kuyafanya. Kwa mfano, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kufutwa kazi kwa utovu wa nidhamu kabla ya kuelezwa kosa lake, kwa lugha anayoielewa, na kusikizwa akiwa na mwenzake kando.

Mtihani mgumu zaidi ni ushindani. Mfanyakazi amehamia kwa mpinzani, naye mwajiri anamjia wakili akipunga mkataba unaomkataza mtu huyo kufanya kazi kama ile kwa miaka kadhaa.

Uingereza ililipambanua jambo hili zamani. Mwaka 1894, Bunge la Malodi, ambalo ndilo lililokuwa mahakama ya juu nchini humo, lilimzuia Thorsten Nordenfelt wa Uswidi kushindana na kampuni iliyomiliki biashara yake ya silaha. Kizuizi kilikuwa cha miaka 25, tena cha dunia nzima! Ila Nordenfelt alikuwa ameuza biashara na kulipwa donge nono. Mwaka 1916, katika kesi ya Herbert Morris dhidi ya Saxelby, majaji walikataa kumfunga kwa miaka 7 mhandisi aliyekuwa mwajiriwa tu. Walishikilia kuwa mwajiri ana haki ya kulinda siri za biashara na wateja wake, bali ujuzi alioupata mtu kazini ni wake mwenyewe.

Hapa Kenya, Sura ya 24 ya sheria zetu inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kubatilisha kizuizi kisichofaa, baada ya kupima aina ya kazi, muda, eneo na maslahi ya umma.

Basi tuseme mwalimu wa hisabati katika shule ya kibinafsi ametia sahihi kwamba akiondoka hatafundisha katika wilaya hiyo kwa miaka miwili. Je, hisabati ni siri ya shule? Sidhani kuna jaji atakayekubali. Wakili aliyekiandika kifungu hicho anajua vyema hakitasimama. Anajua pia kuwa mwalimu hana pesa za kwenda mahakamani, na kwamba woga utafanya kazi ambayo sheria ingekataa kuifanya. Hapo ndipo ninapolaumu, wala si kwa sababu wakili huyo alichagua kumtetea mwajiri. Mwalimu atakataa barua ya ajira kutoka shule jirani, na hakuna mahakama itakayopata kulisikia jambo hilo.