Kompyuta ya Injini ya Lori: Ibadilishwe Lini, na kwa Jinsi Gani?

Kiwalani imo katika wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa na barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa barabara ya Pugu. Katika gereji za upande huu wa jiji huletwa malori ya kila umri, mengi yakiwa yalikwisha kutumika Ulaya au Japani kabla ya kufika kwetu. Baadhi yake huja na malalamiko yanayofanana: injini huzimika bila sababu, hukataa kuwaka asubuhi, au hukosa nguvu mlimani. Mara nyingi shauri hutolewa upesi: "Kompyuta imekufa, nunua nyingine." Mwenye lori hutoa fedha nyingi, kompyuta nyingine hufungwa, na siku ya tatu injini huzimika tena.

Makala haya yanaeleza kazi ya kompyuta hiyo, jinsi ya kuthibitisha kwamba imeharibika kweli, na mambo ya kuzingatia wakati wa kuibadilisha.

Kompyuta ya injini ni nini?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi ikawa na joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo mambo mawili hutawala kazi yote: kiasi cha mafuta na wakati wa kuyanyunyiza. Katika injini za zamani mambo hayo yaliamuliwa na pampu yenye gavana wa chuma. Mwaka 1985 kampuni ya Detroit Diesel ya Marekani ilianza kuuza injini za malori makubwa zinazoongozwa kwa elektroniki, na mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilitia katika lori la Hino mfumo wa bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote. Malori ya vizazi hivyo sasa yamezeeka.

Ndani ya kisanduku cha kompyuta, ambacho mafundi wengi hukiita kontroo boksi, mna maikroprosesa inayopiga hesabu, kumbukumbu inayohifadhi programu, na transista zinazofungua na kufunga nozeli. Kompyuta hupata habari kutoka kwa vitambuzi, yaani sensa: cha mzunguko wa injini, cha joto la maji, cha shinikizo la hewa na cha pedeli ya mafuta. Tuseme injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, au nyuzi 9,000 za mzunguko kwa sekunde. Uzi mmoja wa mzunguko hupita katika 1/9,000 ya sekunde, na kompyuta haina budi kufungua nozeli kwa wakati barabara.

Kwa nini huharibika?

Adui wa kwanza ni joto. Kwa kapasita za elektroliti kuna kanuni ya kukadiria: joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za sentigredi, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Adui wa pili ni unyevu wenye chumvi wa pwani, ambao hula miguu ya soketi. Wa tatu ni mtikisiko, ambao hupasua viungo vya risasi. Kisha yapo madhara tunayoyaleta wenyewe: kuosha injini kwa maji ya kasi, kuchomelea bodi kwa umeme bila kufungua betri na kompyuta, au kuchomoa betri injini ikiwaka. Kitendo hiki cha mwisho huweza kuifanya alteneta itoe kwa kitambo kidogo volteji kubwa kuliko ile ya kawaida mara kadhaa.

Kuipima kabla ya kuihukumu

Kompyuta iliyonyimwa umeme hufanana kabisa na kompyuta iliyokufa. Ndiyo maana vipimo vifuatavyo hutangulia.

(a) Umeme na ethi. Tuseme lori lina betri za volti 24, kompyuta inavuta ampea 10, na waya wa ethi una kutu yenye ukinzani wa ohmu 0.4. Kwa kanuni ya Ohm, volteji inayopotea ni 10 × 0.4, yaani volti 4. Kompyuta itapata volti 20. Wakati wa kupiga stata volteji ya betri yenyewe hushuka; ikishuka hadi volti 17, na mkondo ukiwa ule ule, kompyuta itabaki na volti 13 na huenda ikazima. Mita ya kawaida haipambanui vizuri ohmu 0.4, lakini volti 4 huonekana waziwazi. Kwa hiyo fundi hodari hupima volteji kati ya ncha hasi ya betri na mguu wa ethi wa kompyuta, mkondo ukiwa unapita. Ethi njema huonyesha karibu sifuri.

(b) Volti 5 za vitambuzi. Kompyuta hulisha vitambuzi vingi kwa volti 5. Kitambuzi kimoja kikigusisha waya zake, volti hizo huanguka na vitambuzi vyote vya njia hiyo hunyamaza. Vichomolewe kimoja kimoja. Volti 5 zikirudi, aliyekosa amejulikana, wala si kompyuta.

(c) Waya za mawasiliano. Malori mengi hutumia mfumo wa CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Kwa kawaida kila mwisho wa waya hizo mbili una kizuio cha ohmu 120. Betri ikiwa imefunguliwa, kipimo kati ya waya hizo huwa ohmu 60. Ohmu 120 zaonyesha kwamba njia imekatika au kizuio kimoja hakipo. Ohmu karibu sifuri, kwamba waya zimegusana.

Umeme ukiwa kamili, ethi ikiwa njema, waya zikiwa salama, na kompyuta ikiendelea kunyamaza, hapo ndipo tunapoweza kusema kwa haki kwamba imeharibika.

Namna ya kuibadilisha

Kwanza, itafutwe sababu. Nozeli iliyogusisha waya zake iliyounguza transista ya kompyuta ya kwanza itaunguza na ya pili.

Pili, ifikiriwe kama yaweza kutengenezwa. Kapasita au transista moja huweza kubadilishwa na fundi wa elektroniki kwa gharama ndogo kuliko kompyuta nzima.

Tatu, namba zilingane. Visanduku viwili vyenye sura moja huweza kuwa na programu za injini mbili tofauti. Kimoja kikifungwa mahali pa kingine, injini huweza kutoa moshi, kupata joto mno au kutowaka kabisa.

Nne, habari zihamishwe. Kumbukumbu ya kompyuta huweza kuwa na siri ya ufunguo wa lori na namba za urekebishaji za kila nozeli. Ikiwezekana, habari hizo zisomwe kutoka kompyuta ya zamani na kuandikwa katika mpya. Kwa hiyo kompyuta ya zamani isitupwe.

Tano, betri ifunguliwe kabla ya kazi, soketi zisafishwe, kisha makosa yasomwe kwa mashine na lori lijaribiwe likiwa na mzigo.

Uangalifu huu una maana. Safari ya Dar es Salaam hadi Tunduma huzidi kilomita 900, na lori hupanda kona za mlima Kitonga. Injini inayokosa nguvu pale huhatarisha dereva, utingo na wote walio nyuma yao.

Majaribio ya darasani

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi mambo haya kwa vifaa vichache. Viungwe vizuio viwili vya ohmu 120 sambamba na kupimwa. Jibu litakuwa karibu ohmu 60. Kisha kitambuzi kizee cha joto la maji, cha aina ya thamista, kitiwe katika maji ya baridi, ya vuguvugu na ya moto, na ukinzani wake uandikwe kila mara. Wanafunzi wachore grafu: wataona kwamba ukinzani hupungua joto linapoongezeka, na kwamba mstari haukunyooka. Grafu ya namna hiyo imo katika kumbukumbu ya kompyuta ya lori.

Fundi anayepima kabla ya kubadilisha hufuata njia ile ile ya maabara: hukisia, hupima, hukataa dhana isiyopatana na kipimo, na huishia kwenye ile iliyobaki. Mita ya umeme na kanuni ya Ohm humwokoa mwenye lori na gharama ya kununua kompyuta asiyoihitaji.